Lango la Rb: kuijua protini iliyovunjika kabla ya kuchagua dawa

Wauguzi, wataalamu wa maabara, madaktari na wanafunzi mliokusanyika hapa, habari za asubuhi.

Katika maabara za baiolojia duniani kote kuna hamira yenye jina la Kiswahili. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Paul Lindner, aliichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akakuta ndani yake kiumbe cha seli moja, chenye umbo la kijiti, ambacho huongezeka kwa kujikata katikati. Akakiita Schizosaccharomyces pombe. Neno la pili halihitaji mkalimani katika ukumbi huu. Miongo kadhaa baadaye Mwingereza Paul Nurse aliitumia hamira hiyohiyo kuitafuta jeni inayoiamuru seli igawanyike, nayo ni ile inayoitwa cdc2. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba ukiipa hamira yenye cdc2 mbovu jeni inayofanana nayo kutoka kwa binadamu, hamira inaendelea kugawanyika kama kawaida. Leland Hartwell alikuwa amekwisha kuzikuta jeni za namna hii kwenye hamira ya mikate, na mwaka 1982 Tim Hunt, akichunguza mayai ya mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba mwili mzima, aliona protini inayojikusanya na kutoweka kila yai linapogawanyika. Akaiita saiklini. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Mtambo wa kugawanya seli ni mmoja, kutoka hamira ya pombe hadi kwa mtoto aliyelazwa wodini, na mahali unapovunjika panajulikana. Ninachokiomba kwenu leo ni kwamba mkiletewa saratani, pamoja na kuuliza iko kwenye kiungo gani, mwulize pia ni kipande gani cha mtambo kilichovunjika. Jibu la swali hilo la pili ndilo linaloonyesha dawa gani itafanya kazi na dawa gani itakuwa hasara tupu.

Seli ya binadamu inayokuzwa maabara humaliza mzunguko mmoja kwa takribani saa 24. Kwanza hukua na kupima mazingira yake, nayo ni awamu ya G1, inayochukua kama saa 11. Kisha inanakili DNA yake yote katika awamu ya S, takribani saa 8. Hufuata G2, saa kama 4 za kukagua nakala. Mwisho ni M, mgawanyiko wenyewe, ambao kwa kawaida hauzidi saa moja. Awamu ndefu inayobadilika sana ni G1, na saratani nyingi huanzia hapo.

Kinachoisukuma seli kutoka awamu moja hadi nyingine ni vimeng'enya vya kundi la CDK. Kazi yao ni kubandika fosfati kwenye protini nyingine na hivyo kuziwasha au kuzizima. Kiasi cha CDK ndani ya seli hakibadiliki sana. Kinachopanda na kushuka ni saiklini, kwa kuwa CDK bila saiklini haifanyi kazi. Saiklini D hushikana na CDK4 na CDK6 katika G1. Saiklini E hushikana na CDK2 mlangoni mwa S, saiklini A huongoza unakili wa DNA, na saiklini B pamoja na CDK1, ambayo ndiyo cdc2 ya Nurse, huifungulia seli kuingia M. Kila saiklini ikimaliza zamu yake huwekewa alama na kusagwa, na kwa sababu hiyo mzunguko haurudi nyuma. Upande wa breki zipo p16, inayozizuia CDK4 na CDK6 peke yake, na p21 na p27, zinazozuia CDK nyingi kwa pamoja.

Sasa tufike langoni. Protini ya Rb hukaa juu ya protini nyingine zinazoitwa E2F na kuzibana. E2F ndizo zinazowasha jeni za kunakili DNA. Seli ikipata ishara ya kukua, hutengeneza saiklini D. Saiklini D na CDK4 huanza kuibandika Rb fosfati, saiklini E na CDK2 humalizia, na Rb iliyojaa fosfati huziachia E2F. Hapo lango limefunguka. Kuanzia hatua hiyo, hata ishara ya kukua ikiondolewa, seli itaendelea hadi mwisho wa mgawanyiko. Ni kama dau lililokwisha kuachia ufuo na tanga limeshika upepo.

Jina la Rb limetoka kwenye retinoblastoma, saratani ya jicho la mtoto. Humpata mtoto mmoja kati ya kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai. Mwaka 1971 Alfred Knudson alizipitia taarifa za wagonjwa 48 na kuona kwamba watoto wenye uvimbe katika macho yote mawili huugua mapema kuliko wenye uvimbe wa jicho moja. Akatoa hoja kwamba yanahitajika mapigo mawili. Kila seli ina nakala mbili za jeni hii, RB1, iliyoko kwenye kromosomu ya 13, na lango hubomoka pale tu nakala zote mbili zinapoharibika. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli ya mwili anasubiri pigo moja tu. Takribani watoto 40 kati ya 100 wenye ugonjwa huu wako katika kundi hilo. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1986, na hoja ya Knudson ikathibitika.

Hesabu hiyo ya mapigo mawili ndiyo inayoongoza kazi wodini. Mzazi akisema mboni ya mtoto inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu, au mtoto ameanza makengeza, apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Makengeza hayo yasihesabiwe kuwa ya kuzaliwa nayo mpaka jicho litazamwe kwa ndani. Usichome sindano kuchukua kipande kutoka jicho linaloshukiwa, maana tundu la sindano ni njia ya seli kutokea nje. Jicho likilazimika kuondolewa, daktari akate mshipa wa fahamu wa jicho kwa urefu, milimita 10 hadi 15, kwa kuwa ukingo wa mshipa huo ndio utakaoeleza kama ugonjwa umekwisha kuelekea kwenye ubongo. Mtoto mwenye aina ya kurithi ana pigo la kwanza kwenye mifupa yake pia, kwa hiyo mionzi ya nje hukwepwa kila inapowezekana. Inaweza kumletea saratani ya mfupa miaka mingi baadaye. Ndugu zake wadogo nao wachunguzwe macho, hata kama hawalalamiki chochote.

Kwenye saratani nyingi za matiti zenye vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, hadithi ni nyingine: Rb ni nzima, lango lipo, ila bawabu anashinikizwa mchana na usiku. Estrojeni huongeza saiklini D1, na katika baadhi ya uvimbe jeni ya saiklini hiyo imejinakili mara nyingi. Hapa dawa za kuzuia CDK4 na CDK6 zina mahali pa kushika. Palbosiklibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, ribosiklibu na abemasiklibu zikafuata mwaka 2017. Katika utafiti mkubwa wa palbosiklibu kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa, muda wa kati kabla ya ugonjwa kusonga mbele ulikuwa miezi 24.8 kwa waliopewa dawa hiyo pamoja na letrozoli, dawa ya homoni, dhidi ya miezi 14.5 kwa waliopewa letrozoli peke yake.

Palbosiklibu huanza kwa miligramu 125 mara moja kwa siku, siku 21 mfululizo, kisha siku 7 za kupumzika. Ribosiklibu ni miligramu 600 kwa ratiba hiyohiyo. Abemasiklibu ikitolewa pamoja na dawa ya homoni ni miligramu 150 mara mbili kwa siku bila kupumzika, na mgonjwa aondoke na dawa ya kuzuia kuhara mkononi, maana kuhara huanza mapema. Ribosiklibu inaweza kurefusha mpigo wa umeme wa moyo, kwa hiyo kipimo cha moyo kifanyike kabla ya kuanza na kirudiwe.

Kinachowatisha wengi ni kushuka kwa neutrofili, zile seli nyeupe zinazopambana na bakteria. Sababu yake ni ileile inayoifanya dawa ifanye kazi: seli changa za uboho zinahitaji CDK6 ili zigawanyike. Lakini dawa hii huzisimamisha tu langoni, haiziui kama dawa nyingi za kemikali zinavyofanya, ndiyo maana hesabu hupanda zile siku 7 za kupumzika na homa ya maambukizi si ya mara kwa mara. Pima damu kabla ya kuanza, na siku ya 1 na ya 15 ya mizunguko 2 ya kwanza ya dawa. Ikiwa mzunguko mpya unataka kuanza na neutrofili ziko chini ya 1,000 kwa kila mikrolita, subiri, upime tena baada ya wiki. Hapa nina jambo la kuwasisitizia. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye seli zao nyekundu, na neutrofili zao katika damu huwa chache kiasili bila ugonjwa wowote. Mama mwenye 1,300 katika afya yake ya kawaida asinyimwe dawa au kupunguziwa dozi kwa kulinganishwa na kipimo kilichowekwa kwa watu wengine. Tafuteni vipimo vyake vya zamani kabla hamjaamua.

Na rifampisini. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeitumia huivunja palbosiklibu haraka mno, kiasi kwamba dawa mwilini hupungua kwa takribani asilimia 85. Atameza vidonge kila siku, atalipa kila mwezi, na uvimbe hautahisi kitu. Ritonaviri, mojawapo ya dawa za ARV, hufanya kinyume, hupandisha kiwango hadi kuleta madhara, na hata balungi linafaa kuachwa. Orodha ya dawa zote anazotumia mgonjwa, za ARV zikiwemo, iandikwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Sasa linganisheni na saratani ya mlango wa kizazi. Hapa lango halikushinikizwa, limeng'olewa. Kirusi cha HPV, kinacholeta saratani hiyo, kina DNA fupi, kama herufi 8,000 tu, na hakina kimeng'enya chake cha kunakilia DNA. Kinategemea vya seli, ambavyo hupatikana kwa wingi pale tu seli inapojiandaa kuingia S. Tabu ya kirusi ni kwamba kinataka kuzaliana katika tabaka za juu za ngozi laini ya mlango wa kizazi, ambako seli zimekwisha kuacha kugawanyika. Basi hutengeneza protini ya E7, inayoing'ang'ania Rb na kuipeleka ikasagwe. E2F zinabaki huru, lango wazi. Seli yenye afya ikiona lango limefunguliwa kwa nguvu huamsha protini ya ulinzi iitwayo p53 ili seli ijiue, na kirusi kimejiandaa kwa hilo pia: protini yake ya E6 huiteka protini ya seli iitwayo E6AP na kuitumia kuisaga p53. Milango miwili ya ulinzi kwa protini mbili ndogo.

Kwa wanawake wengi kinga ya mwili huondoa maambukizi ndani ya miaka 2. Hatari huja pale kirusi kinapobaki, na DNA yake ikajichomeka ndani ya kromosomu za mwanamke. Mara nyingi kuchomeka huko hukata jeni ya E2, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwapunguza kasi E6 na E7. Kuanzia hapo hadi saratani inaweza kupita miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila matibabu. Aina za 16 na 18 pekee husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi.

Kutokana na hayo yanafuata mambo matatu. La kwanza, palbosiklibu haina kazi kwenye saratani iliyoletwa na HPV. Dawa hiyo huzuia fosfati zisibandikwe kwenye Rb, na hapa Rb yenyewe haipo. Matibabu ya ugonjwa uliokomaa lakini haujasambaa yanabaki mionzi pamoja na dawa ya sisplatini, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili kila wiki, na mionzi yote, ya nje na ya ndani, imalizike ndani ya wiki 8. Mashine ikiharibika, nauli ikiisha, mgonjwa akirudi kijijini kwa wiki 2, seli zilizosalia zinatumia nafasi hiyo kugawanyika bila kizuizi. Kupanga nauli na malazi ya mgonjwa ni sehemu ya dozi.

La pili ni p16. Kwa kuwa Rb imetoweka, seli hutengeneza p16 kwa wingi ikijaribu kufunga breki. Breki imekanyagwa hadi mwisho, magurudumu hayasikii. Ndiyo maana p16 iliyojaa huonyesha kazi ya E7. Lakini maabara inapopaka rangi ya kuionyesha p16, rangi hiyo ihesabiwe kuwa chanya pale tu inapoenea mfululizo, kwenye kiini na nje ya kiini, bila mapengo. Madoa ya hapa na pale si chanya, na kosa la kuyasoma hivyo limewapeleka wanawake kwenye upasuaji wasiouhitaji.

La tatu ni kuwahi. Kipimo cha DNA ya HPV kianze mwanamke akiwa na miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Pale ambapo hakipo, siki yenye asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 hupakwa na kusubiriwa dakika moja kamili: seli zilizobanana, zenye viini vikubwa, huwa nyeupe. Anayetazama baada ya sekunde 20 atakosa kuona, na siki iliyozimuliwa kwa kukisia haina kazi. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi sehemu inayohusika huwa imejificha ndani ya mlango, kwa hiyo siki isitegemewe kwake. Chanjo ya HPV imetengenezwa kwa magamba matupu ya kirusi, haina DNA ndani yake. Humkinga msichana kabla kirusi hakijaingia; E6 na E7 zilizokwisha kuchomekwa haiwezi kuzitoa. Rwanda ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018, Kenya mwaka 2019, na ni utafiti uliofanyika Kenya, kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulioonyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina za 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Tanzania sasa inatoa dozi moja.

Nirudi kwenye p53 kidogo, kwa sababu katika takribani nusu ya saratani zote za binadamu jeni yake imebadilika. Katika seli tulivu p53 haiishi hata nusu saa, maana protini ya MDM2 huisaga kila mara. DNA ikikatika, usagaji husimama, p53 hujaa, huwasha p21, na CDK husimama. Ikiwa uharibifu hautengenezeki, seli hufa. Protini za p53 hufanya kazi zikiwa nne zimeshikana, kwa hiyo nakala moja mbovu huwaharibia wenzake watatu.

Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, hupiga hapo hasa. Ini huigeuza sumukuvu ya B1 kuwa kemikali inayojishikiza kwenye herufi G za DNA, na katika nafasi ya 249 ya p53 herufi G hugeuka T, ajinini ikawa serini. Mtu mwenye homa ya ini aina ya B anayekula mahindi yenye ukungu anapigwa pande mbili. Kuchemsha ugali hakuondoi sumu hii. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, juu ya turubai au kichanja na si juu ya udongo, na punje zilizovunjika au zenye rangi ya kijani zichambuliwe. Wala zisipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kuna na uvimbe wa Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu, ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958. Huko jeni ya MYC, inayoisukuma seli igawanyike, imehamishwa kwenye kromosomu nyingine na haizimiki tena, na uvimbe unaweza kukua maradufu ndani ya siku 1 hadi 2. Dawa ya vinkristini huushika katika M: huvuruga nyuzi zinazovuta kromosomu, na kituo cha ukaguzi cha awamu hiyo hukataa kuiruhusu seli ipite. Dawa hii iende kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo kwa kukosea inaua, kwa hiyo iandaliwe katika mfuko mdogo wa dripu, isiwekwe kamwe kwenye bomba la sindano karibu na methotreksati, dawa nyingine ya saratani, inayochomwa mgongoni.

Yote niliyoyasema yanategemea kipande cha nyama kilichofika maabara kikiwa salama. Kipande kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa moja tangu kikatwe. Fomalini iwe mara 10 au zaidi ya ujazo wa kipande. Kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72. Titi zima likitumbukizwa bila kupasuliwa, fomalini hufika pembeni tu na katikati panaoza, kisha majibu ya kipokezi cha estrojeni yanasoma hasi na mama ananyimwa dawa inayomfaa. Anayesoma kipimo cha rangi cha p53 na kuona viini vya saratani havina rangi kabisa, atazame kwanza seli za kawaida zilizo kando yake. Kama nazo hazina rangi, kipimo kimeshindwa na kirudiwe. Kama zinayo, jeni huenda imefutika; ila kwenye uvimbe wa HPV, E6 huleta picha inayokaribia hiyo huku jeni ikiwa nzima, kwa hiyo p16 isomwe sambamba.

Na mama wa saratani ya matiti aliyekuwa akiendelea vizuri kwa palbosiklibu, kisha uvimbe ukarudi kwenye ini, achukuliwe kipande kipya kutoka kwenye ini. Kwa wachache kati yao RB1 imepotea njiani, na kumbadilishia kutoka dawa moja ya CDK4 kwenda nyingine hakutasaidia. Kwenye fomu ya kipande hicho mwandike saa kilipokatwa, saa kilipoingia fomalini, na dawa zote alizokwisha kutumia.